Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa aliyewasoma nzige

Waulize vijana wetu wa Pwani wakutajie mwanasayansi mmoja wa Kenya, wengi watakuangalia tu. Na mmoja wa wakubwa kabisa alizaliwa hapa hapa Mombasa, mwezi Februari 1931. Jina lake Thomas Risley Odhiambo. Kwa kuwa ni Mluo na shule alisomea Maseno, tukawaachia watu wa bara wamsifu wao. Mimi naona tulimwacha mapema mno.

Kutoka Maseno alikwenda Makerere, kisha akaajiriwa katika idara ya kilimo Uganda. Huko ndiko wadudu walikomkamata. Kabla ya kuwa daktari wa falsafa alikuwa ameshachapisha maelezo ya aina nyingi za vidudu vya jamii ya Miridae, vile vinavyofyonza mimea, ambavyo hakuna aliyekuwa amevipa majina. Baadaye akaenda Cambridge, Uingereza, akasoma chini ya Vincent Wigglesworth, bingwa wa wakati ule wa elimu ya miili ya wadudu. Alimaliza mwaka 1965.

Utafiti wake wa nzige wa jangwani ndio nitakaokaa nao kidogo. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna vitezi viwili vidogo mno. Odhiambo alivitoa katika nzige madume, kisha akahesabu mwendo wao. Waliotolewa vitezi walipoa, wakawa wazito wa kutembea, na mafuta yakawajaa mwilini. Akiwapandikiza vitezi vya wenzao, wanachangamka tena. Matokeo aliyachapisha mwaka 1966. Kumbe uchangamfu wa dudu una mtawala wake ndani, nao ni homoni.

Hapa tunaingia jirani na elimu ya saa ya mwili, na elimu hiyo watu wa Pwani tunaishi nayo bila kuiita jina. Mbu wa malaria huuma usiku, hasa watu wakishalala. Mbu wa dengi huuma mchana. Mbung'o naye huwinda mchana. Wala si mwanga peke yake unaowaambia saa: ukiwafungia gizani, kwa muda watafuata ratiba ile ile. Ndiyo sababu dengi ilipotuvamia Mombasa mwaka 2013, neti ya usiku haikutosha. Asiyejua saa za adui yake atapiga dawa wakati adui hayupo.

Odhiambo angeweza kubaki Ulaya. Alirudi mwaka huo huo wa 1965 kufundisha zuolojia Nairobi. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science la Marekani kwamba Afrika Mashariki inahitaji vituo vyake vya utafiti vya hali ya juu. Mwaka 1970 akawa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo kule Kabete. Mwaka huo huo akaanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu. Carl Djerassi, mkemia anayejulikana kwa vidonge vya uzazi wa mpango, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono.

Kituo kilianzia Chiromo, pale unapotoka katikati ya jiji kuelekea Westlands. Magari yanapita siku nzima na wachache wanajua kilichozaliwa hapo. Mwanzoni wakurugenzi wa utafiti walikuwa maprofesa wa ng'ambo wanaokuja na kuondoka, huku vijana wakibaki na kazi. Mpango huo ulileta fedha na majina makubwa, lakini ulikuwa na kasoro yake, na Odhiambo aliubadilisha hatua kwa hatua mpaka wanasayansi wakazi wakashika usukani. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko majengo yote.

Majengo nayo yalikuja: makao makuu Kasarani, yakaitwa Duduville, na kituo cha Mbita kando ya Ziwa Victoria. Hata Muhaka, Kwale, ICIPE ina kituo. Mwaka 1985 aliongoza kuundwa kwa Akademia ya Sayansi ya Afrika, ambayo makao yake yalikuja kuwa Karen, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipata Tuzo ya Uongozi Afrika pamoja na Abdou Diouf, aliyekuwa rais wa Senegal.

Aliiongoza ICIPE hadi mwaka 1994. Miaka 24 ni mingi kwa kiti kimoja, na wapo wanaosema angepisha mapema. Labda. Lakini katika miaka hiyo mamia ya vijana wa Kiafrika walipata maabara ya kusomea udaktari bila kuhama bara lao.

Alifariki Nairobi mwezi Mei 2003. Vitabu vya sayansi alivyowaandikia watoto havijapata msomaji wa kutosha huku kwetu alikozaliwa.