Giuseppe Verdi: Kijana Aliyekataliwa na Chuo cha Muziki



Kila mwaka unafika msimu ambao nyumba zetu nyingi husubiri majibu ya vyuo. Wapo watakaoshangilia, na wapo watakaojifungia chumbani wasitake kula. Kwa aliyekataliwa, swali huwa moja tu: kwa nini mimi? Leo tunakusimulia maisha ya mtu aliyekutana na swali hilo karibu miaka 200 iliyopita. Soma na mzazi wako, hata kama chuo kwako bado kiko mbali.

Giuseppe Verdi alizaliwa Oktoba 1813 katika kijiji cha Le Roncole, kaskazini mwa Italia. Usidhani Italia ya siku hizo ilikuwa nchi moja kama unavyoiona leo kwenye ramani. Ilikuwa imegawanyika katika dola ndogo ndogo, kila moja na mtawala wake na mipaka yake. Alipokuwa akikua, kijiji chake kilikuwa katika dola ya Parma.

Baba yake, Carlo, alikuwa na mkahawa na duka dogo. Hawakuwa matajiri, lakini walipoona mtoto anapenda muziki walimtafutia spineti, kinanda kidogo cha zamani. Kilipoharibika, fundi aliyekitengeneza hakudai malipo. Aliridhika kuona bidii ya mtoto. Bado akiwa mdogo, Giuseppe alikuwa anapiga kinanda cha kanisa la kijijini.

Baadaye alikwenda kusoma katika mji wa karibu, Busseto. Huko alipata watu wawili wa kumshika mkono. Wa kwanza ni Ferdinando Provesi, mwalimu wake wa muziki. Wa pili ni Antonio Barezzi, mfanyabiashara aliyependa muziki sana, ambaye alimpokea nyumbani kwake kama mwanawe. Mji mzima ukawa unamjua kijana huyu. Ikaonekana hatua inayofuata ni Milan, kwenye chuo kikubwa cha muziki.

Sasa weka akilini kwamba Milan ilikuwa chini ya utawala wa Austria. Ili kufika huko, Verdi alihitaji pasipoti. Safari haikuwa ndefu, lakini alipovuka mpaka alikuwa mgeni. Bila shaka baadhi yenu mnaijua hali hiyo.

Mwezi Juni 1832 akafanya mtihani wa kuingia chuoni. Alipiga piano mbele ya watahini, akawaonyesha na muziki alioutunga mwenyewe. Alikuwa na miaka 18.

Chuo kikamkataa.

Kama Verdi alivyokumbuka uzeeni, hata jibu la moja kwa moja hakupewa. Hakukaa kimya. Alikwenda kumwona Alessandro Rolla, mwalimu wa chuo hicho ambaye Provesi alimfahamu. Rolla hakumbembeleza. Alimshauri aachane na chuo na atafute mwalimu hapo mjini, akamtajia na majina.

Je, sababu za kukataliwa zilikuwa zipi? Tunazijua kutokana na kumbukumbu za chuo zilizobaki. Zisome polepole, maana hapa ndipo penye somo letu.

Kwanza, umri. Kanuni ilitaka wanafunzi wanaoanza wawe hawajapita miaka 14, na yeye alikuwa ameshapita. Pili, alikuwa raia wa dola nyingine. Tatu, bweni la chuo lilikuwa limejaa. Nne, mwalimu wa piano aliona jinsi anavyoweka mikono si sahihi, na kwamba kwa umri wake itakuwa vigumu kumbadilisha. Tano, kuhusu utunzi, Francesco Basily, mmoja wa watahini, aliona kijana anaweza kufanya vizuri, ila anahitaji kufundishwa kanuni za kuoanisha sauti nyingi katika wimbo mmoja.

Umeziona? Tatu za kwanza hazisemi lolote kuhusu kipaji chake. Zinahusu kanuni, mpaka na vitanda. Hata angepiga kinanda kama malaika, bweni lisingeongezeka nafasi. Ya nne ilikuwa ya kweli, lakini Verdi hakutaka kuishi kwa kupiga piano, alitaka kutunga. Ya tano ndiyo iliyokuwa na faida kwake, kwa sababu ilimwonyesha kitu anachoweza kwenda kujifunza.

Lakini aliyeumia hazipangi sababu namna hiyo. Zote humwingia kama neno moja: hufai. Verdi aliumia sana, na kidonda hicho, kama utakavyoona, hakikupona kabisa.

Barezzi ndiye aliyeokoa jahazi. Kumsomesha kijana kwa mwalimu binafsi kulikuwa na gharama kubwa kuliko ilivyopangwa. Busseto ilikuwa na mfuko wa hisani uliokubali kumpa msaada wa masomo, lakini fedha zilichelewa. Barezzi akatoa zake mfukoni.

Mwalimu akawa Vincenzo Lavigna, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la opera la La Scala. Akamfundisha Verdi lile hasa ambalo watahini walisema limepungua. Kwa miaka mitatu hivi alimkalisha kwenye mazoezi magumu ya kuoanisha sauti, siku baada ya siku. Wanaoandika maisha yake husimulia kwamba siku moja Basily alifika kwa Lavigna akilalamika kuwa katika usaili wa kazi fulani ya muziki hakuna aliyeweza zoezi alilowapa. Lavigna akampa Verdi zoezi lile lile. Kijana akaketi, akalifanya, na akaongeza ambacho hakuombwa.

Usifikiri baada ya hapo njia ilinyooka. Verdi alimwoa Margherita, binti wa Barezzi, mwaka 1836. Walipata watoto wawili, na wote wawili walifariki wakiwa wadogo. Mwaka 1840 Margherita naye akafariki. Mwaka huo huo opera yake ya pili ilizomewa La Scala. Alifikiria kuacha utunzi kabisa. Ukilinganisha na misiba hiyo, kukataliwa na chuo kulikuwa jambo dogo.

Hata hivyo aliandika tena. Machi 1842 opera yake Nabucco ilionyeshwa La Scala, na msimu wa vuli ulipofika ikarudiwa mara 57. Baada ya hapo zikafuata Rigoletto, La traviata, na Aida, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo, Misri, mwaka 1871. Opera yake ya mwisho, Falstaff, aliitoa akiwa na miaka 79. Mali yake aliitumia kujenga Milan nyumba ya kutunza wanamuziki wazee wasio na kitu, na nyumba hiyo ipo hadi leo. Alifariki Januari 1901.

Na kile chuo je? Verdi alipokuwa mzee maarufu, lilitolewa pendekezo kwamba kiitwe kwa jina lake. Hakulipenda, aliona waliomkataa ujanani wasijipambe naye uzeeni. Hata hivyo leo kinaitwa Chuo cha Giuseppe Verdi. Na kati ya karatasi zake lilikutwa lile ombi la 1832, limefungwa kwa kipande cha karatasi alichoandika kwa mkono wake kwamba lilikataliwa. Alikuwa amelihifadhi miaka yote hiyo.

Hatukusimulii haya ili uamini kwamba kila anayekataliwa atakuwa Verdi. Wengi hawatakuwa, na si lazima wawe. Tunakusimulia ili siku ukipata jibu baya, uulize kabla ya kujihukumu. Wahenga walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukipewa sababu, zipange. Zile za kanuni na nafasi waachie wenyewe. Ile inayokuhusu ichukue, uitafutie mwalimu. Na ukiumia, umia. Hata Verdi aliumia.

Nanyi wazazi, mtazameni Barezzi. Hatujui alimwambia nini kijana wake, lakini tunajua alichofanya.

Mazungumzo ya nyumbani wiki hii:

1. Ni sababu gani kati ya zile tano ingekuumiza zaidi wewe? Kwa nini?
2. Verdi alikosea kuhifadhi lile ombi, au alifanya vyema?
3. Muulize baba, mama, babu au bibi: ni mlango gani uliwahi kufungwa mbele yake, na nani alimsaidia kupata mwingine?