MAISHA YA MWENDA JEAN-BOSCO, MUPIGA GITARE WA LIKASI

Mara hii tumechagua mtu ambaye wazee wa Likasi wanamujua vizuri, lakini sisi vijana wa leo tunamujua paka jina: Mwenda Jean-Bosco, ao Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Tarehe 2 Februari 1952, Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika na masini ya kukamata nyimbo, alifika hapa kwetu. Wakati ule mji uliitwa Jadotville. Akamukuta kijana huyu na gitare yake, na wimbo wa «Masanga» ukaingia ku disike.

Bosco alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na kile cha pili. Gumba ilishika nyuzi nene, kidole cha pili kikaimbisha nyuzi nyembamba. Mwenye kusikia anafikiri ni watu wawili. Yeye anayejua likembe atatambua namna ile: sauti mbili zinajibizana.

Muziki haukubakia kwake peke yake. Ndugu yake wa jamaa, Edouard Masengo, alishika naye gitare, na wote wawili walifika Nairobi. Kule Bosco alikuwa na kipindi chake ku redio, na vijana wa Kenya walijifunza kwa kumusikiliza. Aliimba Kiswahili, basi maneno yake yalisikilikana. Mwaka 1969 alipiga hata kule Newport, Marekani.

Wengine kati yetu wanasema mupiga gitare ni mutu wa pombe na uvivu. Basi wajue hii: Bosco alifanya kazi ya benki, kisha kazi ya biro ku Gécamines, tena akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Gitare haikumuzuia kutafutia jamaa chakula.

Mwezi wa Septemba 1990 alikufa kwa aksidenti ya gari kule Zambia.

Sasa tunauliza: nani anashika kazi yake? Mwaka 1979 Mwingereza John Low alisafiri mpaka huku Katanga, iliyoitwa Shaba, kusudi ajifunze kwa Bosco na wenzake. Alitoka mbali sana. Sisi tuko hapa hapa, na katika darasa letu tulipouliza nani anaweza kupiga «Masanga», hakuna aliyeinua mkono.

Ndugu, kama kwenu kuna babu ao mjomba mwenye gitare imetundikwa ku ukuta, mumuombe kwa heshima awaonyeshe kazi ya gumba. Musingoje. Siku wazee watakwisha, tutapaswa kwenda kuomba kwa wageni kitu kilichokomalia hapa kwetu Likasi.

Sisi wa darasa la sita