Kabla hujamweka Mekatilili kwenye bango lako, mjue kwanza

Iwe unaishi Miritini, Kisauni au Likoni, jina la Mekatilili wa Menza si geni kwako. Shuleni ulilikariri kwa ajili ya mtihani. Siku ya Wanawake ikifika, unalisikia kwenye hotuba. Na siku hizi, kukizuka ubishi mtandaoni kuhusu nani hasa ni mwanamke na haki za wanawake ni za nani, wapo wanaomvuta nyanya huyu upande wao. Huyu anamwita mama wa mila asiyetaka mambo ya Wazungu. Yule anamwita muasi aliyevunja kila sheria. Tulia kidogo nikusimulie alivyoishi, kisha uamue mwenyewe.

Alizaliwa karne ya 19 huko Mutara wa Tsatsu, sehemu za Ganze, Kilifi, akapewa jina Mnyazi. Yasemekana alikuwa binti pekee nyumbani kwao, na kwamba ndugu yake mmoja alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, asirudi tena. Aliolewa, akazaa, na kwa desturi ya Wagiriama akaitwa kwa jina la mwanawe: Mekatilili, yaani mama Katilili. Baadaye mumewe akafariki.

Hapo kwa ujane usipaharakishe. Kwa Wagiriama wa wakati ule, baraza la wazee lilikuwa la wanaume. Mwanamke mwenye mume hakutarajiwa kusimama pale na kutoa hoja. Mjane alikuwa na nafasi kidogo ya kusikilizwa. Mekatilili aliuona mlango huo mwembamba akaupita.

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilimpeleka Arthur Champion kuwasimamia Wagiriama. Alitaka kodi ya nyumba, na alitaka vijana wakafanye kibarua kwenye mashamba ya Wazungu. Watu hawakutaka. Walikuwa na mahindi yao, mifugo yao na biashara zao, basi kwa nini waende kumlimia mtu mwingine?

Mekatilili akaanza kuzunguka kijiji hadi kijiji. Hakuwa na simu wala kipaza sauti. Alikuwa na kifudu, ngoma ya matanga iliyo ya wanawake. Alicheza, watu wakamfuata, na walipojaa akazungumza. Mwaka 1913 watu wakakusanyika Kaya Fungo wakala viapo vya kutoshirikiana na Mzungu. Wanaume walikuwa na kiapo chao cha fisi. Wanawake walikuwa na chao, mukushekushe. Hata machifu wa serikali waliogopa, maana kiapo si karatasi ya kuchana.

Simulizi moja bado inachekesha vijiji vya Kilifi. Inasemekana alifika mkutanoni na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Champion ajaribu kuchukua kimoja. Mzungu akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Somo likawa limeeleweka: ukigusa wana wetu, utatupata. Champion akatoa bastola akampiga risasi yule kuku.

Kwa Waingereza Mekatilili alikuwa mchawi. Mwanaume angefanya yale yale wangemwita kiongozi wa maasi, ila mwanamke mwenye sauti alitafutiwa jina la kutisha. Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mwenzake katika harakati, wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano Kisii.

Wewe ukishuka SGR pale Miritini baada ya saa tano au sita kutoka Nairobi unalalamika kiuno. Kisii iko mbali kuliko Nairobi. Januari 1914 mama huyu, mtu mzima tayari, alitoroka na Wanje, wakarudi Pwani kwa miguu. Akaendelea na kazi yake palepale alipoiacha.

Agosti mwaka huo alikamatwa tena. Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa vibarua 1,000. Mekatilili aliporudi mwaka 1919 alikaa Kaya Fungo, Wanje akiongoza baraza la wanaume, yeye la wanawake. Alifariki miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Ukweli ni kwamba Mekatilili hakuwa mfeministi wa vitabu. Aliwataka watu warudi kwenye mila, na hakujaribu kuvunja baraza la wanaume. Kuhusu wanawake wanaopenda wanawake, au mtu aliyelelewa kama mvulana na sasa anaishi kama mwanamke, hakuna neno lake tunaloweza kulishika. Usimlishe maneno, uwe upande gani.

Hata hiyo mila tunayoirusha kama jiwe ni pana kuliko tunavyodhani. Mwaka 2011, Mahakama Kuu hapa Mombasa ilimtambua kama mrithi mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa desturi ya Wanandi. Ndoa hiyo si ya mapenzi, ni ya kulinda ukoo na mali. Lakini ipo, na ni yetu. Nao wanaharakati waliotaka kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji walihangaika miaka kumi, hadi Februari 2023 Mahakama ya Juu iliposema wana haki ya kujiunga pamoja kama Wakenya wengine. Ngono ya jinsia moja bado ni kosa kisheria, na wapo wanaharakati wa haki za wanawake ambao hawataki hata kukaa meza moja na wenzao hao.

Mimi ninachokiona kwa Mekatilili ni hiki. Alipewa nafasi ndogo kwa sababu ya aina ya mwanamke aliyokuwa: mjane. Wake wenye waume hawakuipata. Lakini alipoipata, kiapo alichoshughulikia kilikuwa cha wanawake wote, wenye waume na wasio nao. Hakuweka mtihani mlangoni kupima nani ni mwanamke wa kutosha.

Januari 27, 2024, maelfu walipoandamana nchini kupinga mauaji ya wanawake, waliokuwa wakililiwa hawakuwa wa aina moja. Muuaji hakuwauliza wamevaa nini, wanampenda nani, wala kama wana mume. Basi ukiwa unapanga nani aingie na nani abaki nje ya haki, jiulize kwanza unamsaidia nani.