Salman Al-Farisi (R.A): Mgeni Aliyepata Ndugu

Kuna kijana barazani kwenu siku hizi hasemi na mtu. Ukimuuliza, anakwambia yuko sawa. Kabla hujamwacha na shida zake, hebu sikiliza habari ya Salman.

Alizaliwa Uajemi, upande wa Isfahan, mtoto wa mkubwa wa kijiji. Alitoka kwao kuitafuta dini ya haki, akapita Sham, Mosul na kwengineko. Njiani, wafanyabiashara aliosafiri nao wakamuuza utumwani. Ndivyo alivyofika Madina: hana baba, hana kabila, hana pesa. Alisilimu, lakini Badr na Uhud zikampita kwa sababu ya utumwa. Fikiria mwenyewe uzito wa moyo huo!

Mtume (S.A.W) akamwambia aandikiane na bwana wake ajikomboe. Bei ilikuwa mitende 300 ipandwe, na wakia 40 za dhahabu juu yake. Kwa mtumwa, hiyo si bei, ni mlima. Basi Mtume akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, huyu 20, mwengine 15, mwengine 10, kila mtu na uwezo wake, mpaka ikatimia 300. Wakachimba naye mashimo, na Mtume akaipanda kwa mkono wake. Dhahabu nayo ikapatikana, Salman akawa huru. Mwaka wa 5 Hijria (627) alikuwepo Khandaq, na shauri la kuchimba handaki lilikuwa lake.

Salman naye alijua kusaidia. Mtume alimuunga udugu na Abu Dardaa. Siku moja alimtembelea, akamkuta Ummu Dardaa amevaa nguo chakavu. Akajua hapa pana jambo. Mumewe mchana saumu za sunna, usiku kucha swala, nafsi yake na mke amewasahau. Salman akakataa kula mpaka mwenzake ale naye, usiku akamlaza, na mwisho wa usiku wakaamka wakaswali pamoja. Akamkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki na ahli wana haki. Mtume akathibitisha kuwa Salman kasema kweli.

Kijana mwenzangu, miche 300 ilimshinda mmoja, ikawa myepesi kwa wengi. Huna 30? Leta 10. Ikiwa ni wewe unayeumia, usinyamaze; Salman aliitaja bei yake. Na ikiwa ni mwenzako, mwite leo mfuturu pamoja, kisha muulize tena.