Elijah Masinde, mfungwa wa Lamu

Mimi ni mtu wa pwani ninayeishi Navakholo, Kakamega. Huku Elijah Masinde, Mbukusu wa Kimilili katika Bungoma jirani, anajulikana na kila mtu. Kwetu wachache humtaja, ilhali Lamu ndiko alikofungiwa.

Masinde aliwahi kuichezea Kenya soka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipinga vijana kuandikishwa vitani na kulazimishwa kazi katika mashamba ya walowezi. Akaongoza Dini ya Msambwa. Mwaka 1945 Waingereza walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kana kwamba kukataa amri ni wazimu. Mwaka 1948 waliipiga marufuku dini yake, naye wakamhamishia Lamu.

Aliachiwa uhuru ulipokaribia. Lakini serikali ya Kenyatta nayo iliipiga marufuku Msambwa mwaka 1968, naye akarudishwa jela, hadi 1978. Alifariki 1987.

Sikubaliani na kila alilohubiri. Ila bendera ilibadilika, kufuli likabaki lile lile. Sisi wa pwani, ambao vijana wetu wamekamatwa wasionekane tena, tuna sababu ya kumkumbuka.