Nahodha Bockholt na Merikebu ya Hewani

Ludwig Bockholt alikuwa baharia Mdachi, lakini merikebu yake ilipita hewani. Mwezi wa Aprili 1917 aliteremka nayo karibu na maji, akaiteka merikebu ya tanga ya Norway.

Mwaka huo jemadari Lettow-Vorbeck alibanwa kusini mwa nchi iitwayo leo Tanzania. Songea ilikuwa imekwisha kutwaliwa na Waingereza mwaka 1916, na njia ya bahari ilifungwa. Basi Bockholt akapewa L 59, chombo chenye urefu wa mita 226 kilichojazwa gesi nyepesi, apeleke risasi na dawa, tani 15. Chombo hakikutazamiwa kurudi. Nguo yake ingeshonwa mahema na mavazi ya askari.

Tarehe 21 Novemba aliondoka Jamboli, katika Bulgaria, pamoja na watu 21. Jangwani jua lilipasha gesi moto, na usiku baridi ikakishusha chombo hata kikakaribia kugonga milima. Walipokuwa magharibi ya Khartoum, simu ya upepo ikawaamuru warudi, kwani mahali pa kutua pametwaliwa. Mafuta yalikuwa yangaliko mengi, lakini Bockholt alitii.

Alitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita zipatazo 6,800 bila kupumzika. Kwa saa hizo mpagazi wa Songea asingalifika hata pwani. Siku iyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma.

Tarehe 7 Aprili 1918 chombo kiliwaka moto juu ya bahari karibu na Italia. Bockholt akafa, yeye na watu wake wote.