Tsvet: Msomi wa mimea aliyewezesha vidonge kupimwa

Wazee wengi wanaosumbuliwa na maumivu ya viungo hununua vidonge vya glukosamini wakiamini maandishi yaliyo kwenye chupa. Iwapo kidonge kina kiasi kilichotajwa au kimepunjwa, jicho haliwezi kutambua. Ukweli hujulikana katika maabara, kwa mbinu iliyobuniwa na msomi wa mimea, Mikhail Tsvet, zaidi ya karne moja iliyopita.

Tsvet alizaliwa mwaka wa 1872 mjini Asti, Italia. Babake alikuwa Mrusi na mamake Mwitaliano, ambaye aliaga dunia punde baada ya kumzaa. Alilelewa Uswisi na kupata shahada ya uzamifu mjini Geneva mwaka wa 1896. Alipohamia Urusi mwaka uo huo, shahada hiyo haikutambuliwa, ikambidi kutafuta nyingine upya.

Akiwa Warsaw, alijaza unga wa chaki katika mrija wa kioo, kisha akapitishia humo rangi za majani zilizoyeyushwa. Kila rangi iliteremka kwa mwendo wake, kijani kikajitenga na manjano. Mnamo 1906, aliiita mbinu hiyo kromatografia, neno linalotokana na rangi. Kwa sadfa, jina Tsvet pia lina maana ya rangi kwa Kirusi.

Hata hivyo, wanakemia mashuhuri wa enzi hizo waliitilia shaka kazi yake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimfurusha Warsaw mwaka wa 1915, akahama mji baada ya mji hadi alipofariki Voronezh mwaka wa 1919, akiwa na umri wa miaka 47. Mbinu yake ilifufuliwa mjini Heidelberg mwaka wa 1931.

Siku hizi, kidonge husagwa, kikayeyushwa na kusukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya mrija uliojaa chembe ndogo mno. Kwa kuwa glukosamini hainyonyi vyema mwanga unaotumiwa na mtambo, mara nyingi kwanza huunganishwa na kemikali ambayo mtambo unaweza kuitambua. Matokeo hulinganishwa na yale ya glukosamini halisi ambayo kiasi chake kinajulikana.

Hapo ndipo mtengenezaji mwaminifu hutengwa na mlaghai, kama kijani na manjano katika mrija wa Tsvet, ambaye hakuishi kuona mbinu yake ikiheshimiwa.